Kamera aliyoninunulia kaka imeitwa kiwandani, nami namwogopa kaka

Shikamoo Bi Mshauri,

Mimi ni mwanamke wa miaka 31, nina mume na watoto wawili, naishi Tanga mjini. Kazi yangu ni kupiga picha za harusi, na zaidi naitwa upande wa kina mama: singo, kupamba, mkesha wa ngoma, huko ambako mpiga picha wa kiume hakanyagi. Nilianza na simu, baadaye nikawa nakodi kamera za watu, mpaka kaka yangu anayefanya kazi ya udereva Muscat alipokuja kwenye arobaini ya baba akanifungulia begi lake. Ndani kulikuwa na kamera kubwa, aina wanayotumia wenye kazi zao, aliyoinunua ikiwa imeshatumika katika duka moja la Ruwi, huko huko Muscat. Nililia mbele ya watu. Kamera hiyo ndiyo iliyonitoa. Ada ya watoto inatoka humo, na mume wangu, ambaye shughuli zake zimelegea, haoni haya kulisema hilo mbele ya ndugu zake.

Juzi kwenye kundi letu la wapiga picha la WhatsApp, mwenzetu mmoja aliweka tangazo la kampuni iliyotengeneza kamera hizo. Linasema kwamba zile zilizotoka kiwandani kipindi fulani zina tatizo la shata, ile sehemu ya ndani inayofunguka na kufunga kuruhusu mwanga: inaweza isifanye kazi sawasawa, na sehemu ya picha ikaingia kivuli. Mwenye nayo aangalie namba ya siriali, na kama imo kwenye orodha airudishe ikarekebishwe bure. Niliigeuza yangu nikaisoma namba pale chini kwenye kitako, mwanangu akinimulikia kwa tochi ya simu. Imo.

Moyo ulinipasuka, kwa sababu miezi ya nyuma, kwenye kupamba kwa binti mmoja wa Makorora, picha kadhaa za mikono yenye hina zilitoka na mkanda mweusi upande wa chini. Nilikuwa natumia flashi, nikadhani flashi ndiyo inayosumbua. Nilizipunguza kwa chini nikazitoa hivyo hivyo, na bi harusi alizipenda. Sasa najua ilikuwa shata.

Nilimpigia wakala wa Dar es Salaam. Kijana aliyepokea aliniuliza nimenunua wapi, nikamjibu Muscat. Akasema niipeleke huko huko nilikonunua, na risiti yake, wao wanahudumia zilizopita mikononi mwao tu. Risiti sina. Kama ipo, anayo kaka.

Hapo ndipo shida yangu ilipo. Kaka alitutumia friji la mama mwaka juzi, dada yetu mkubwa akasema kwenye kundi la familia kwamba halipoozi. Kaka alinyamaza, na mpaka leo yeye na dada wanasalimiana kupitia kwa mama. Kamera hii anajivunia kuliko friji. Kila nikiweka picha anaandika “kazi ya kamera yangu hiyo”. Nitamwambiaje kwamba aliniletea kimeo?

Mume wangu anasema nisihangaike. Yupo kijana wa Muheza ambaye nilimfundisha kushika kamera, ananiita dada, na anaitaka hii kwa milioni moja na laki mbili taslimu. Mume wangu anasema: muuzie, nunua nyingine, kaka mwambie umebadilisha. Asiyeuliza hadanganywi. Si mtu mbaya, naomba usimfikirie hivyo. Anaona mbali, anajua tukikosa kamera Shaaban tumekwisha. Mwezi huo unaujua, kila mwenye nia ya kuoa anataka aoe kabla ya Ramadhani, na mimi nimeshapokea malipo ya awali ya harusi kadhaa.

Na wale kina mama je? Niwaambie kwamba kamera yangu inatafutwa na kiwanda? Watakwenda kwa nani? Nikikaa kimya na kivuli kikaja wakati wa kumtoa biharusi, siku hiyo hairudiwi.

Nishauri, mama.

Mpiga picha, Tanga

Jibu

Marahaba, mwanangu. Pole na hongera pia, maana mwanamke aliyeanza na simu mpaka kina mama wa Tanga wakamfungulia mlango wa chumba cha biharusi amefanya kazi kubwa.

Nikikusoma vizuri, kamera imo kwenye orodha, anayeweza kukusaidia kuipeleka ni kaka unayemwogopa, na njia ya kumkwepa kaka inapitia kwa kijana anayekuamini. Wateja nao wanasubiri. Yote yamekubana kwa pamoja, na Shaaban haisubiri mtu. Ila kabla hujaamua umkosee nani, naona yapo mambo unayoyachukua kuwa ya hakika ambayo bado hayajathibitika. Niruhusu nikuulize moja moja.

La kwanza ni neno kimeo. Umeliandika kama vile kiwanda ndicho kilicholisema. Kampuni kuita bidhaa zake ni jambo linalozipata kamera nzuri na majina makubwa. Oktoba 2005 iligundulika kwamba vihisi vya picha, yaani sehemu ya ndani inayopokea mwanga na kuugeuza kuwa picha, vilivyotengenezwa na Sony vilikuwa vinaharibika, hasa kwenye joto na unyevunyevu, hali ya hewa kama ya kwenu hapo. Vihisi hivyo vilikuwa ndani ya kamera za Sony na za washindani wake pia: Canon, Nikon, Fujifilm, Konica Minolta. Kampuni hizo zikatangaza kutengeneza bure. Kamera ya Nikon D600 ilitoka 2012, na wenye nayo wakaanza kulalamika kwamba picha zinatoka na madoa. Februari 2014 Nikon ikakubali kuzisafisha na kubadilisha shata bila malipo, hata kwa zile ambazo waranti imekwisha. Mwaka uliofuata ikawa zamu ya Nikon D750, ambayo wapiga harusi wengi waliipenda na wanaipenda hadi leo. Shata yake ndiyo iliyotangazwa, kwa maneno yanayofanana sana na uliyoyasoma wewe: kivuli kwenye sehemu ya picha. Orodha ya namba ikapanuliwa 2016, ikapanuliwa tena 2017, na watu waliokuwa wamepumua wakajikuta wamo.

Nakupa mifano hii ili uone namba ya siriali inasema nini na haisemi nini. Inasema kamera yako ilitoka kiwandani katika kipindi chenye mashaka. Haisemi kwamba yako imeshaharibika, na haisemi kwamba haijawahi kurekebishwa. Umeniambia kaka aliinunua ikiwa imetumika. Aliyekuwa nayo kabla yenu huenda aliliona tangazo akaipeleka, na namba haibadiliki kwa sababu shata imebadilishwa. D750 hiyo hiyo ilikuwa na tatizo jingine la mwanga mapema 2015, na zile zilizokwisha kushughulikiwa ziliwekwa alama, kidoti cheusi ndani ya tundu la kufungia stendi. Mtu angeweza kuikimbiza kamera Dubai na kurudi kumbe jibu lilikuwa chini ya kitako. Lisome tena tangazo lako, polepole, ukitafuta kama linataja alama ya namna hiyo. Kisha iandikie kampuni kwa barua pepe, uwape namba, uwaulize kama kumbukumbu zao zinaonyesha imewahi kufanyiwa marekebisho. Waulize pia kama huduma hii bado iko wazi, maana matangazo haya hayaishi milele na vipuri huisha.

La pili, ule mkanda mweusi wa Makorora. Unasema sasa unajua ilikuwa shata. Unajuaje? Nimemuuliza fundi mmoja wa kamera, na swali lake la kwanza lilikuwa: alikuwa na flashi? Shata ya kamera kama yako ina mapazia mawili. La kwanza linafunguka, la pili linafunga. Ukizidisha spidi ya shata kupita uwezo wa kwenda pamoja na flashi, ambao kwa kamera nyingi ni 1/200 au 1/250 ya sekunde, pazia la pili linaanza kushuka kabla la kwanza halijamaliza njia. Flashi inawaka wakati sehemu ya kihisi imefunikwa, na unapata mkanda mweusi pembeni, tena wenye ukingo ulionyooka. Hayo yanatokea kwenye kamera nzima kabisa. Kwa hiyo wasiwasi wako wa siku ile kuhusu flashi haukuwa wa kijinga hata kidogo. Picha zile bado unazo? Zifungue kwenye kompyuta uangalie spidi iliyoandikwa. Kisha piga ukuta mweupe mchana, bila flashi, ukipandisha spidi hatua kwa hatua mpaka juu kabisa, picha nyingi mfululizo, uzitazame kwa ukubwa. Kivuli kikitokea bila flashi, hapo una neno la kumwambia fundi. Kisipotokea, haina maana kwamba umepona, lakini utakuwa umejua kwamba una muda.

La tatu, wakala wa Dar. Yule kijana alikuuliza umenunua wapi, akakujibu kama anavyojibu kila anayepiga kuulizia waranti. Ulimtajia tangazo? Kwenye barua hukusema. Waranti ya kawaida hufuata risiti na nchi uliyonunulia. Marekebisho ya tangazo mara nyingi hufuata namba ya siriali, yaani kamera yenyewe, awe nayo nani. Sisemi utakubaliwa kwa hakika. Matawi hayafanani, na yapo yenye roho ngumu. Tawi la Nikon la Marekani kwa mfano linajulikana kwa kukataa kutengeneza kamera zilizoingia nchini humo kwa njia za pembeni. Ila swali halijaulizwa sawasawa bado. Liulize kwa maandishi, ukiambatisha tangazo, ili jibu liwe karatasi na siyo sauti ya mtu aliyekuwa na haraka.

Sasa twende kwa watu.

Mumeo nimemsikia, na sikumfikiria vibaya. Mtu ambaye shughuli zake zimelegea akiona milioni moja na laki mbili mezani anaona ada, anaona Shaaban imeokoka. Nisingependa umjibu kwa mahubiri. Ila kaeni muitazame hiyo biashara mpaka mwisho wake. Kijana wa Muheza yumo kwenye kazi hii, na tangazo lilipita kwenye kundi la wapiga picha. Atalikuta, leo au baada ya mwezi, na atakumbuka nani alimuuzia na kwamba mwalimu wake naye yumo kwenye kundi hilo. Na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 hapa kwetu inakataza kumpotosha mtu katika biashara; sikuambii hili kukutisha, bali kwa sababu “asiyeuliza hadanganywi” inasikika kama sheria na si sheria. Hata hivyo, kumuuzia siyo jambo baya lenyewe. Ipo namna ya kati ambayo hamkuitaja: kumuuzia ukimwonyesha tangazo na namba, kwa bei iliyopungua, yeye akaipeleka kwa nafasi yake kwa kuwa hana harusi za Shaaban. Huenda akakubali kwa furaha. Huenda akakataa, mkabaki na kamera na aibu kidogo. Na bado kutakuwa na swali la kumwambia kaka “nimebadilisha”, wakati chini ya kila picha anaandika ni kazi ya kamera yake. Hilo unalijua wewe kama unaweza kuishi nalo.

Kama utaendelea kuitumia Shaaban hii, elewa hatari ilivyo. Wapiga picha wengine hutulia kwa sababu kamera ina nafasi ya memori kadi mbili. Kadi mbili zinakuokoa kadi ikifa. Kivuli cha shata kinaingia kwenye zote mbili sawasawa. Kinachokulinda ni kamera ya pili, hata ya kukodi, hata ndogo, ikiwa shingoni mwako wakati wa yale mambo yasiyorudiwa, na kuwa na mazoea ya kutazama kioo cha nyuma kila baada ya picha chache. Ukodishaji una gharama, na faida ya harusi hizo itapungua. Jumlisheni mjue inapungua kiasi gani, kwa sababu hofu isiyo na hesabu huwa kubwa kuliko hasara yenyewe.

Kama utaipeleka, iwe Dar au Muscat, toa lenzi, toa betri, na zaidi ya vyote toa memori kadi. Usitegemee kwamba umezifuta. Kwenye kadi zako kuna wanawake waliovua ushungi kwa sababu aliyeshika kamera ni wewe. Hiyo ni amana, na fundi wa kiwandani hahitaji kadi yako hata moja. Ukimpa msafiri, piga picha kamera pande zote kwanza, namba ionekane, na waulize watu wa forodha mapema ni karatasi gani inaonyesha kwamba kitu kilitoka nchini kwenda kutengenezwa, isije ikarudi ikadaiwa ushuru kama mpya. Hatari ya njia hii ni muda. Wiki zinaweza kuwa nyingi, na hakuna wa kukuhakikishia kwamba itarudi kabla ya mwezi kuandama.

Kuhusu kina mama, sina hakika kwamba wanahitaji kusikia habari ya shata na mapazia. Wanachonunua kwako ni picha na siri. Mwingine angekuambia uwaeleze kila kitu ili dhamiri itulie, na mama mmoja au wawili wangehama. Mwingine angekuambia kuja na kamera mbili kunatosha. Ningekuuliza hivi: ukimwambia mama wa biharusi “kamera yangu kubwa inakwenda kwa fundi siku hizi, kwa hiyo nakuja na nyingine ya akiba”, umemficha nini? Na kama kivuli kitatokea ukutani kwenye lile jaribio, je, maneno hayo hayo bado yatatosha?

Imebaki habari ya kaka, ambayo nadhani ndiyo iliyokuandikisha barua.

Unaogopa yasijirudie ya friji. Lakini dada yenu alisema nini, na wapi? Alisema kwenye kundi, mbele ya familia nzima, kwamba kitu cha kaka hakifai. Na maneno yale yalikuwa ya dada mwenyewe. Wewe una tangazo la waliotengeneza, ambalo halimgusi aliyenunua. Tena lina sifa ndani yake kama ukilitazama upande wa pili: kampuni inaitafuta kamera hiyo kwa namba yake kwa sababu inaitambua kuwa yake. Soko la vitu vilivyotumika lina bandia nyingi, na bandia haiitwi kiwandani na mtu. Kaka alichagua vizuri. Isitoshe, yeye ndiye anayeishi kwenye mji unaolijua lile duka la Ruwi, na ndiye anayeweza kuuliza wakala wa huko yuko wapi. Huendi kumlalamikia, unakwenda kumwomba msaada ambao hakuna mwingine kwenu anayeweza kuutoa. Sijui tabia yake kuliko wewe. Inawezekana akanyamaza pia. Watu waliofunga mizigo ya nyumbani kwa miaka mingi ugenini huchoka kusikia kwamba kilichofika hakifanyi kazi, hata kikisemwa kwa adabu. Kama ndivyo alivyo, mama yenu, ambaye tayari anabeba salamu, asibebe na hili.

Oman wanapumzika Ijumaa na Jumamosi. Kama yeye naye hayuko barabarani siku hizo, mpigie mwenyewe jioni, umemaliza lile jaribio la ukutani, na swali lako kwa kampuni limeshatumwa. Uwe na tangazo tayari la kumtumia yeye peke yake, na namba ya siriali umeiandika pembeni, maana nahisi kabla hujamaliza kueleza atakuomba umsomee.